Kishindo Hakipimwi kwa Ugumu: Kweli na Uongo Kuhusu Boti za Faiba na Plastiki Visiwani Lamu

Boti nyingi hazivunjwi na mzigo. Huvunjwa na kishindo. Chombo kinachopakia saruji na magunia ya mchele pale Mokowe na kuvuka hadi Amu, mji wa Lamu, bila taabu kinaweza kupasuka siku hiyohiyo kwa kugonga ngazi ya gati, au kwa kutua vibaya nyuma ya wimbi wakati kusi imechachamaa, au kwa kupanda mwamba maji yakiwa yamekupwa.

Zamani hayo yalikuwa mambo ya mbao, misumari na kalafati. Siku hizi boti za kasi zinazobeba abiria kati ya Mokowe, Amu, Manda, Mtangawanda, Faza na Kizingitini ni za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa na resini. Na mwaka 2018 Lamu ilipata Flipflopi, jahazi lililojengwa kwa plastiki iliyokwisha tupwa. Ukitia nyuzi au unga ndani ya plastiki au resini umepata kile wahandisi wanachokiita kompositi, na pamoja nacho umepata madai mengi ya barazani. Mengine ni ya kweli. Mengine yanaweza kuzamisha watu.

"Kitu kikiwa kigumu zaidi ndivyo kinavyostahimili kishindo."

Uongo, na ndio mama wa uongo mwingine wote katika fani hii.

Sifa tatu huchanganywa hapa. Ukakamavu ni kukataa kupinda. Nguvu ni kubeba mzigo unaoongezwa taratibu bila kukatika. Ustahimilivu wa kishindo ni kumeza nishati ya pigo la ghafla kabla ya kuvunjika. Kioo cha dirisha kina ukakamavu mwingi kuliko plastiki yoyote utakayoiona dukani, lakini jiwe la mtoto hukimaliza. Ndoo ya plastiki hubonyea, ikarudi, na maisha yakaendelea.

Mwaka 1901 Mfaransa Georges Charpy alieleza kipimo ambacho maabara zinakitumia mpaka leo. Nyundo yenye mkono wa pendulamu huachiwa kutoka kimo kinachojulikana, huvunja kipande kidogo kilichokatwa chale (mkato mdogo wa kuanzishia ufa), kisha huangaliwa imepanda hadi wapi upande wa pili. Kimo kilichopungua ndicho nishati iliyomezwa na kipande kilipokuwa kinavunjika. Mwingereza Izod alitoa kipimo kinachofanana na hicho muda mfupi baadaye, tofauti ikiwa ni namna kipande kinavyoshikwa.

Sasa chukua polikaboneti, plastiki ile ya ngao za polisi wa kutuliza ghasia. Ikiwa safi, kipande chembamba chenye chale humeza zaidi ya juli 600 kwa kila mita ya unene wake katika kipimo cha Izod. Itie nyuzi fupi za kioo kwa asilimia 30 ya uzito. Ukakamavu wake utapanda zaidi ya mara tatu, na muuzaji ataisifu kwa hilo. Lakini ustahimilivu wake wa kishindo utaanguka hadi kama juli 100. Umepata kitu kisichopinda, umepoteza kitu kisichovunjika.

Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni ngumu", muulize swali moja tu: pigo likija, nishati yake inaenda wapi? Madai yote yanayofuata yanapimwa kwa swali hilo.

"Flipflopi imejengwa kwa kandambili."

Nusu kweli. Kandambili zipo, kama 30,000, na ndizo zilizoipa jahazi lile rangi zake zote na jina lake. Lakini ni ngozi ya nje tu. Mkuku, mataruma na mbao zake zimetoka kwenye plastiki nzito iliyoyeyushwa, ikamiminwa katika umbo la magogo na mbao, kisha ikachongwa na mafundi kwa zana zilezile wanazochongea mvule. Chupa za sabuni ya maji, jerikeni, vifuniko: takataka yenye uzito wa tani kama kumi kwa jahazi la mita tisa.

Mradi ulianza 2016, ukiongozwa na Ben Morison na Dipesh Pabari, na fundi mkuu akiwa Ali Skanda, mtu wa Lamu na mjenzi wa majahazi kwa nasaba. Jahazi lilishushwa majini Septemba 15, 2018, mwaka mmoja na ushei baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017. Mwanzoni mwa 2019 lilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kama kilomita 500, na mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Viktoria.

Kwa upande wa kishindo, plastiki waliyoitegemea, polyethilini nzito, ni chaguo zuri sana. Molekuli zake ni minyororo mirefu ambayo sehemu yake hubaki na uhuru wa kusogea hata kwenye baridi ya nyuzi mia moja chini ya sifuri, sembuse joto la Lamu. Ikipigwa, minyororo huteleza na kunyooka, na nishati ya pigo huishia katika kunyooka huko badala ya kuendesha ufa. Jerikeni lililodondoka kutoka mgongoni mwa punda hubonyea kona, na mwenyewe huliokota akaenda zake.

Taabu yake iko kwingine. Polyethilini nzito ina ukakamavu wa gigapaskali moja hivi, hali mbao ngumu kwa upande wa nyuzi zake hufikia kumi au zaidi. Maana yake ni kwamba ubao wa plastiki wa unene uleule hupinda mara kumi zaidi chini ya mzigo uleule. Kwa jahazi la mita tisa fundi anaweza kuongeza unene na kusogeza mataruma karibu karibu. Kwa chombo kikubwa zaidi, plastiki tupu hulegea. Hapo ndipo watu wanapoanza kuwaza kutia kitu ndani yake: unga wa mbao, chokaa, nyuzi. Hawatafuti kustahimili kishindo, wanatafuta ukakamavu. Ustahimilivu wa kishindo ndio bei wanayolipa.

"Tia unga wowote, plastiki itaimarika."

Uongo, na hapa inafaa tukae kidogo, maana ndilo dai linalosikika zaidi kila mahali panapoyeyushwa plastiki ya kuokota.

Tuanze na unga wa mbao, ambao karakana za Matondoni hazijawahi kuukosa. Maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya Marekani, iliyoko Madison, jimbo la Wisconsin, imepima sana mchanganyiko wa polipropilini na unga wa mbao. Polipropilini tupu, kipande kisicho na chale, ilimeza kama juli 650 kwa mita. Ilipotiwa unga wa mbao asilimia 40, ikabaki kama 73. Imepungua karibu mara tisa. Ukakamavu ulipanda, gharama ilishuka, na kile kilichokuwa kinapinda sasa kinakatika.

Lakini vipimo vilevile vina jambo linalochanganya watu. Kipande kilipokatwa chale kwanza, polipropilini tupu ilimeza kama juli 21 tu kwa mita, na ile yenye unga wa mbao kama 22. Hakuna tofauti ya maana. Imekuwaje?

Ni kwamba kuvunjika kuna hatua mbili: ufa kuzaliwa, na ufa kusafiri. Plastiki safi hukataa kabisa kuzaa ufa, ndiyo maana ya zile juli 650. Ukiipa ufa tayari, kwa kuikata chale, upinzani wake mwingi umeisha. Chembe ya unga wa mbao haiongezi sana kasi ya ufa. Kazi yake mbaya ni kuuzaa. Kila chembe ni chale ndogo iliyokwisha kukatwa ndani. Muuzaji mjanja atakuonyesha namba za kipande chenye chale na kukuambia kwamba unga haukudhuru kitu. Hajasema uongo, ila hajakuambia lililo muhimu.

Mchanga ni mbaya zaidi. Plastiki iliyookotwa ufukweni, na Shela ina mchanga wa kutosha dunia nzima, huja na chembe zake hata ikioshwa. Chembe ya mchanga ina upana wa kama robo milimita au zaidi, ni ngumu, na haishikamani na polyethilini hata kidogo. Pigo likija, inaachana na plastiki na kuacha tundu lenye ukubwa wake, na tundu la ukubwa huo tayari ni ufa unaongoja safari. Ndiyo maana kuosha plastiki si suala la usafi tu.

Kuna kijazo kingine ambacho hakuna aliyekitia kwa makusudi: plastiki ngeni. Polyethilini huyeyuka kwenye nyuzi kama 130 za Selsiasi. Chupa ya maji ya kunywa, ambayo ni ya PET, haiyeyuki mpaka karibu 250. Ukiziweka pamoja kwenye mashine iliyopangwa kwa ajili ya jerikeni, vipande vya chupa hupita humo vikiwa vizima na kutokea ndani ya ubao kama kokoto. Viti vya plastiki, ambavyo mara nyingi ni polipropilini, huyeyuka vizuri lakini havichanganyiki na polyethilini. Hukaa ndani yake katika matone yenye mipaka dhaifu. Mtu anayechambua plastiki kwa mkono, huku akinamama wakipita na mizigo yao na watoto wakimuuliza anafanya nini na takataka, anafanya kazi ya kihandisi kuliko yule anayebonyeza kitufe cha mashine.

"Basi unga wote ni adui."

Hilo nalo ni uongo, na kisa chake ndicho kinachonipendeza kuliko vyote.

Mwaka 1999 watafiti wakiwemo Zbigniew Bartczak wa Poland na Ali Argon wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha kazi yao kuhusu polyethilini nzito iliyotiwa kalsiamu kaboneti, yaani madini yaleyale yaliyomo katika matumbawe ambayo watu wa Amu wamechoma chokaa na kujengea nyumba kwa karne nyingi. Chembe zake zilikuwa ndogo mno, chini ya mikromita moja, na kila chembe ilikuwa imevishwa koti jembamba la stiarati, jamii ya sabuni, ili isishikamane sana na plastiki na isijikusanye mabonge. Kwa kiasi cha kutosha cha unga huo, ustahimilivu wa kishindo wa polyethilini haukushuka. Ulipanda mara kadhaa.

Pigo linapokuja, plastiki hubanduka kutoka kwenye kila chembe na kuacha vitundu maelfu kwa maelfu. Kati ya kitundu na kitundu kinabaki kijiuzi cha plastiki. Kijiuzi hicho kikiwa chembamba kuliko mikromita 0.6, hakikatiki tena kwa ghafla. Kinavutika, kinarefuka, na nishati inamalizikia humo. Unene wa kijiuzi ndio unaoamua, ndiyo maana chembe kubwa za unga uleule, kwa uzito uleule, hazikuleta faida hiyo. Souheng Wu wa kampuni ya DuPont alikuwa ameona kanuni ya namna hiyo mwaka 1985, katika nailoni iliyotiwa mpira.

Tofauti kati ya chokaa inayookoa na mchanga unaovunja, basi, iko katika mambo matatu: ukubwa wa chembe, utawanyaji wake, na namna inavyoachana na plastiki. Sipendekezi mtu asage matumbawe nyumbani na kujaribu. Kusaga hadi chini ya mikromita moja na kutawanya bila mabonge ni kazi ya kiwanda. Lakini dai kwamba "kijazo ni kijazo" limekufa tangu 1999.

Kwa mafundi wa zamani vijazo havikuwa jambo geni. Deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaopakwa chini ya jahazi, ni unga ndani ya mafuta. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeidai deheni ibebe kishindo. Kazi yake ni kuzuia wadudu wa majini wasitoboe mbao, na inaifanya.

"Nyuzi huongeza ustahimilivu wa kishindo."

Inategemea unazitia wapi, na zina urefu gani.

Resini ya polista inayotumika kwenye boti za faiba, ikikauka peke yake, ni kitu dhaifu mno kwa pigo. Ukimimina kidogo kwenye kikombe cha plastiki, ukaiacha ikaze, kisha ukaidondosha sakafuni, una nafasi nzuri ya kuokota vipande. Ndani ya kitu kama hicho nyuzi za kioo ni mkombozi: mkeka wa nyuzi uliolowekwa resini humeza nishati mara kumi na zaidi ya resini tupu. Ndani ya plastiki iliyokuwa inavutika yenyewe, kama ile polikaboneti, nyuzi hizohizo zinaizuia kuvutika na matokeo yanageuka.

Kuhusu urefu, Kelly na Tyson walitoa hesabu yake mwaka 1965. Kila uzi una urefu wa mpaka. Ukiwa mfupi mno, hauwezi kushikwa vya kutosha, unachomoka tu. Ukiwa mrefu kupita mpaka ule, unabeba mzigo mpaka unakatika. Nishati nyingi zaidi humezwa uzi unapokaribia urefu huo, kwa sababu hapo unachomoka kwa kusuguana njia nzima. Kwa nyuzi za kioo ndani ya polipropilini mpaka huo ni milimita moja hadi tatu hivi, kutegemea zinavyoshikana. Na mashine za kuyeyusha plastiki zenye parafujo ndani huzisaga nyuzi hadi zikabaki chini ya milimita moja. Umenunua nyuzi, umepata unga wa kioo.

Ushahidi uko machoni. Okota kipande cha boti ya faiba iliyovunjika kwenye banda lolote la matengenezo na ukitazame mahali kilipovunjikia. Ukingo haukatiki laini. Una nywele nyeupe zinazochomoza, nyingine ndefu nusu kidole, zikichoma ukizigusa, na nyuma yake resini imegeuka nyeupe kwa upana wa kiganja. Kila uzi uliochomoza ni kazi iliyofanyika, na weupe ule ni nyufa ndogondogo zisizohesabika ambazo kila moja imechukua sehemu yake ya pigo. Kisha linganisha na mpini wa beseni kuukuu lililokaa juani miaka: umekatika mara moja, uso wake unang'aa, hauna unywele wala weupe. Huko nishati haikwenda popote ila kwenye ufa mmoja.

"Nyuzi zikishikamana barabara na resini ndiyo bora."

Kwa nguvu na kwa kuzuia maji, kweli. Kwa kishindo, mara nyingi uongo.

Mwaka 1964 J. Cook na J. E. Gordon walionyesha kwamba mpaka dhaifu kiasi ndani ya kitu unaweza kuusimamisha ufa. Ufa ukikaribia uzi ulioshikana sana, unaupasua na kupita. Ukikaribia uzi ulioshikana kwa kiasi, mpaka unafunguka kidogo mbele yake, ncha ya ufa inapoteza ukali, na ufa unageuka kufuata uzi badala ya kuukata. Safari yake inakuwa ndefu, na kila milimita ya safari hiyo ina gharama.

Wajenzi wa mitepe ya pwani hii walikuwa na elimu ya karibu na hiyo mikononi, ingawa si kwa plastiki. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na mbao zake zilikuwa na ruhusa ya kusogea kidogo. Mitepe ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, misumari ikashinda, na sidhani kama ilishinda kwa sababu ya kishindo. Ilishinda kwa sababu chombo kilichoshonwa kinavuja na kinataka kushonwa upya kila mara.

Biashara hiyo hiyo ya kubadilishana ipo katika faiba. Shika sana, kitavunjika ghafla. Shika kidogo mno, maji yatapenya kati ya uzi na resini. Viwanda vya nyuzi za kioo huzipaka dawa maalumu ya kuzishikanisha na resini ya aina fulani, na kazi kubwa ya wakemia wake ni kutafuta katikati.

"Makumbi na mkonge vinaweza kuchukua nafasi ya faiba."

Sehemu kweli, na ningependa iwe kweli zaidi ya ilivyo.

Mkonge tunao tele: Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na upande wa Kenya mashamba ya Vipingo yako safari ya siku moja tu kutoka Lamu. Uzi wake una nguvu ya megapaskali 400 hadi 700 na ni mwepesi karibu nusu ya kioo. Uzi wa kioo unapita megapaskali 2,000. Ndani ya plastiki, nyuzi ndefu za mkonge husaidia kishindo kwa njia ile ya kuchomoka, na hazikwaruzi mashine wala mapafu ya fundi kama kioo kinavyofanya. Hilo la mapafu si dogo. Mtu anayepiga msasa faiba siku nzima bila barakoa analijua usiku.

Makumbi ni kinyume cha kioo. Ni dhaifu, yana ukakamavu mdogo, lakini huvutika: uzi mmoja unaweza kurefuka kwa asilimia 15 hadi 40 kabla ya kukatika, hali kioo hakifiki hata tano. Kwa hiyo makumbi hayatakupa boti isiyopinda, ila yanaweza kukupa ubao unaomeza pigo. Kwa kizuizi cha gatini au sakafu ya ndani ningeyajaribu bila wasiwasi. Kwa ganda la chombo kinachobeba watu, hapana, na sababu ni maji.

Watu wa pwani hufukia makumbi kwenye tope la bahari kwa miezi ili yalainike kabla ya kusokotwa, na kwa sababu yana lignini nyingi yanastahimili adha hiyo bila kuoza. Wengi huchukua hilo kuwa ushahidi kwamba yatadumu ndani ya plastiki pia. Lakini kutooza si kutovimba. Uzi wa mmea hunywa maji, huvimba, hukauka, husinyaa, na kila mzunguko huo hulegeza mahali uliposhikwa. Baada ya misimu kadhaa una plastiki yenye mirija.

"Boti ikigonga na usione ufa, iko salama."

Uongo wa hatari.

Ganda la faiba ni tabaka juu ya tabaka. Pigo la wastani linaweza kuliacha koti la nje la rangi likiwa zima huku tabaka za ndani zimeachana. Kwa macho hakuna kitu. Kwa hesabu, sehemu ile imepoteza ukakamavu wake mwingi, na pigo la pili litaikuta ikiwa nusu ya ilivyokuwa. Nyuzi za kaboni ni mbaya zaidi kwa jambo hili, kwani ni nyeusi na haziruhusu mwanga. Faiba ya kioo isiyopakwa rangi angalau huonyesha baka jeupe ukiitazama kutoka ndani dhidi ya jua. Njia ya zamani ingali nzuri: gongagonga kwa sarafu au nyundo ndogo ukisogea polepole. Palipo pazima hulia kwa sauti kavu. Palipoachana sauti hufifia.

Hapa tofauti ya unga na nyuzi inakuja hadi kwenye mfuko wa mwenye boti. Tengenezo la haraka ni kuukwangua ufa, kuujaza fila, kupiga msasa na kupaka rangi. Fila ni resini iliyotiwa unga, mara nyingi talki. Haina uzi hata mmoja. Inaziba, inapendeza, na kwa kishindo haina thamani, tena ni kakamavu na dhaifu kuliko kile ilichokiziba. Ufa utarudi palepale, mara nyingi pembeni mwa fila yenyewe. Tengenezo la kweli ni kusaga ukingo wa jeraha uwe mteremko mrefu, kama mara 12 ya unene wa ganda, kuuacha ukauke kabisa, kisha kupandisha mikeka ya nyuzi tabaka kwa tabaka, kila moja ikiwa pana kuliko iliyo chini yake. Ni kazi ya siku, si ya saa, na ndiyo sababu watu wanaikwepa.

"Plastiki haiozi, kwa hiyo boti ya plastiki ni ya milele."

Uongo. Jua la ikweta hukata minyororo ya molekuli, na minyororo mifupi haivutiki. Plastiki iliyoelea baharini miaka mingi inaingia karakanani ikiwa tayari imechoka. Dawa ni kijazo: masizi ya kaboni, asilimia mbili hadi mbili na nusu tu, yaliyotawanywa vizuri, humeza miale hiyo. Ndiyo maana mabomba ya maji na matangi mengi ni meusi. Yakitiwa ovyo yakabaki mabonge, tunarudi kwenye hadithi ya mchanga.

"Namba ya maabara inatosha."

Uongo, ingawa bila namba hiyo hakuna pa kuanzia. Kipande cha kipimo cha Charpy kwa plastiki, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 179, kina urefu wa milimita 80, upana wa 10 na unene wa 4, na chale yake ina kina cha milimita mbili. Hakina msumari, hakina kona, hakijakaa juani wala majini, na kimetoka kwenye kundi moja la plastiki lililoyeyushwa siku moja. Ubao unaotokana na plastiki ya kuokota hutofautiana kutoka gunia hadi gunia. Anayetaka kuutegemea ubao huo akate vipande kutoka kwa kila kundi, avunje vyenye chale na visivyo na chale, avunje vikavu na vilivyolowekwa maji ya chumvi kwa wiki kadhaa, na aandike namba ndogo kabisa aliyoipata kando ya wastani wake, kwa sababu ufa huanzia mahali palipo dhaifu kuliko pote.